Kilomita Ishirini na Tatu kwa Lita Moja

Tarehe 6 Februari

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa mzima, na natumaini barua hii itakukuta unakula vizuri na unalala mapema. Cherehani kubwa iliyokuwa ikikata uzi imepona. Niliikemea, kisha fundi akaitia mafuta, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililosaidia. Mama yako aling'olewa jino, na kwa siku kadhaa hakuweza kusema neno. Baba yako anasema zilikuwa siku nzuri, lakini alilisema hilo akiwa amesimama karibu na geti.

Nimekufumia sweta na kofia nzito, kwa sababu huko milimani mnakojaribia magari lazima kuna baridi. Wateja wangu wote wanajua kwamba mtoto niliyemlea mimi ndiye anayeyapitisha magari mapya kwenye mawe na matope kabla hayajapigwa muhuri. Uliniambia kazi yako ni dereva wa majaribio, na sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu watu huitikia kabla hawajaelewa.

Unajua kwamba mwaka jana nilinunua gari dogo jeupe la kupelekea sare shuleni. Ni sawasawa na la baba yako, ila lake ni la kijivu. Yote mawili yalikuja na karatasi kwenye kioo, yenye muhuri, inayosema kwamba gari hilo huenda kilomita ishirini na tatu kwa lita moja ya petroli. Langu halifiki hapo. Wala halikaribii hapo. La baba yako, kwa maneno yake mwenyewe, linafika na kupita. Kila Jumapili tukikaa mezani yeye huanza: "Dada, la kwako bado linakunywa?" Utadhani nimeolewa na mlevi.

Jumapili iliyopita alizidi. "Gari ni lilelile," akasema, "karatasi ni ileile. Kilichobadilika ni aliyeshika usukani." Kisha akatoa shauri, mbele ya watu wote, kwamba niliuze na sare nizipeleke kwa mkokoteni wa kukodi. Watu walitikisa vichwa kukubali. Hata mama yako alitikisa, ingawa yeye anasema ni jino.

Mwanangu, shule zangu ziko mbalimbali na nyingine ziko juu kilimani. Bila gari hilo zitamtafuta mshonaji mwingine, nami nitarudi kushona vifungo vya majirani. Silitoi. Kwa hiyo nieleze, bila kuzunguka: mnapolipima gari, miguu yenu mnaifanyia nini?

Ni mimi shangazi yako.


Tarehe 27 Februari

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako imefika, na sweta limenienea vizuri sana. Kofia nimeivaa kazini, na wenzangu wote waligeuka kunitazama. Mimi ni mzima. Mwenye nyumba wangu amenunua mbwa wa kulinda, lakini mbwa mwenyewe anaogopa watu, kwa hiyo wapangaji tumeombwa tuingie kwa kunyata tusije tukamshtua.

Usiwe na wasiwasi juu ya baridi. Hali ya hewa ya huku haisumbui hata kidogo. Tangu nianze kazi hii sijanyeshewa hata siku moja.

Kuhusu miguu, nitakueleza kama ninavyofundishwa. Pedali ya mafuta ikanyage kana kwamba chini yake kuna yai. Usifunge breki ghafla, bali anza kupunguza mwendo mapema. Matairi yawe na upepo wa kutosha. Mizigo isiyo ya lazima itoe. Kiyoyozi kizime, na madirisha yafunge, kwa kuwa yakiwa wazi upepo huingia na kulivuta gari nyuma.

Karatasi haisemi uongo, shangazi. Inasema kweli, lakini ni kweli ya mahali pamoja.

Kuhusu gari la baba, sina la kusema.

Mwanao mtiifu.


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako amepona jino na sasa anafidia siku zile alizonyamaza. Nimepata kazi ya sare za shule mpya, kaptula za kijani, rangi ambayo haimpendezi mtoto yeyote, lakini hawakuniuliza.

Maagizo yako nimeyafuata yote. Nimetoa tairi la akiba, kiti cha nyuma, jeki, mazulia ya miguuni na kisanduku cha majivu ya sigara, ambacho sijawahi kukitumia. Viatu vya kuendeshea nimechagua vya kitambaa. Nikafunga madirisha, nikazima kiyoyozi, nikaweka yai moyoni, nikaondoka.

Nakiri kwamba nilikwenda polepole. Mahali fulani karibu na soko nikatazama kwenye kioo, nikaona magari mengi nyuma yangu, yamewasha taa, yamejipanga kwa adabu. Nikadhani wamependezwa na uendeshaji wangu. Kumbe wa kwanza nyuma yangu alikuwa amewasha taa kuniharakisha, wa pili akadhani ni mazishi naye akawasha, na waliofuata wakaiga. Watu wa pembeni walivua kofia. Kwenye makutano askari alisimamisha magari mengine yote nipite. Mzee mmoja aliyevaa koti alinifuata kwa miguu, na hakuwa na haja ya kukimbia, akagonga kioo na kusema, "Pole sana, mama. Alikuwa nani?" Sikuweza kufungua dirisha kwa ajili ya upepo uliouandika, kwa hiyo nilimtikisia kichwa tu, jasho likinitiririka usoni. Akadhani ni machozi. Akaanza kulia na yeye.

Na baada ya yote hayo, nilipopima, namba ilikuwa ileile.

Habari zilimfikia baba yako kabla sijafika nyumbani. Jumapili aliniuliza kama marehemu amezikwa. Nikamwambia, "Kaka, tuyapime mawili kwa pamoja, siku moja, njia moja, mafuta sawa. Gari litakalozimika kwanza, mwenyewe atoe funguo." Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Itakuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne. Fundi Polepole, yule wa gereji ya nyuma ya soko, ndiye atakayekuwa mwamuzi. Nikishindwa, baba yako atalichukua gari langu siku ileile na kulitafutia mnunuzi.

Sasa nikuulize jambo. Ulipokuja likizo ulishinda siku nzima ukiliosha gari la baba yako, ndani na nje. Kisha unaniandikia kwamba huna la kusema. Mtoto niliyemlea mimi alikuwa na la kusema hata alipokuwa amelala. Gari la baba yako linakwenda kilomita ngapi kwa lita?

Na kwa kuwa wewe ndiwe unayeijua milima, omba ruhusa uje uwe shahidi wangu.

Shangazi yako.


Tarehe 5 Aprili

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo sana.

Mimi ni mzima wa mwili. Mbwa wa mwenye nyumba amehamia chumbani kwangu, kwa sababu anasema, yaani mwenye nyumba anasema, kwangu ndiko kuliko kimya.

Shangazi, siwezi kuja kuwa shahidi wa milima, kwa sababu milima siijui. Mahali ninapofanyia kazi ni chumba. Hakina dirisha. Gari huingizwa ndani, magurudumu yake huwekwa juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka, kisha hufungwa kwa minyororo lisije likapanda hadi ofisini kwa meneja. Mbele yake pana feni. Mimi hukaa kwenye usukani nikitazama mstari kwenye skrini, nao huniambia: ongeza, punguza, simama. Hakuna kilima wala shimo. Hakuna mbuzi. Hakuna abiria anayesema amesahau mkoba arudishwe. Kiyoyozi kimezimwa na mwendo ni wa kiungwana tangu mwanzo hadi mwisho. Nimekwisha kuendesha umbali wa kuizunguka dunia, na sijawahi kufika hata getini.

Kwa hiyo ishirini na tatu ni ya kweli, lakini ni ya chumbani. Barabarani hakuna gari la aina hiyo linaloifikia, hata liendeshwe na nani. Kosa si lako. Ungeniuliza tangu mwanzo ningekwambia, lakini ulinifumia sweta la milimani, nami nikalivaa, na kila siku iliyopita ikawa vigumu zaidi kulivua.

Nakuomba uyaache mashindano hayo. Lakini najua hutayaacha, kwa hiyo nikupe jambo moja lililobaki. Ukiwa nyuma ya gari lingine, lile la mbele hukukatia upepo, nawe hutumia mafuta machache. Anayetangulia ndiye anayeumia. Baba naye alinipigia simu kuniuliza, nami nikamwambia hilohilo, kwa maana ninyi wote wawili ni wazazi wangu na sitaki kupendelea.

Kuhusu namba ya gari lake, usinilazimishe. Niliona kitu kwenye buti nilipokuwa nikiliosha. Baba aliniona nikikiona. Hatukusemezana.

Mwanao wa chumbani.


Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Nimesoma habari ya chumba. Nilikaa nayo kwa muda, kisha nikaenda kwa wateja wangu mmoja mmoja na kuwaambia kwamba mwanangu amepandishwa cheo na sasa anafanya kazi ndani. Jambo hilo limekwisha. Mimi ni mzima. Kaptula za kijani nimezimaliza.

Nikueleze ya Jumamosi.

Fundi Polepole alikuja na filimbi. Alimwaga mafuta yote yaliyokuwa kwenye matangi, kisha akatia kila gari kiasi kile kile, kidogo tu, cha kutufikisha nje ya mji. Baba yako akatoa sharti lake: injini zikishawashwa, zisizimwe. "Nakujua wewe," akasema, "utazima kwenye mteremko uteleze kama sabuni." Nikakubali. Mama yako akasimama na mwavuli kuwa shahidi. Tukawasha. Fundi akapuliza filimbi.

Hakuna aliyeondoka.

Nilikuwa nikimngoja atangulie anikatie upepo. Naye, nilivyomwona, ameegemea kiti, mikono juu ya tumbo, anangoja vilevile. Nikashusha kioo kwa upana wa kidole.

"Tangulia, kaka."

"Tangulia wewe, dada. Leo nimeamua kukuheshimu."

"Umri wote huu hujaniheshimu, umengoja leo?"

"Heshima haina muda. Pita."

"Mkubwa ndiye hutangulia."

"Mkubwa amekuruhusu."

Fundi akaja katikati. "Wazee wangu, filimbi nimeshapuliza."

"Ipulize tena," baba yako akamwambia. Akaipuliza tena. Tukaisikiliza hadi ikaisha.

Injini zilikuwa zikinguruma, na mafuta yakiungua bila kwenda popote, na hilo sote wawili tulilijua. Lakini kuondoka kwanza ilikuwa ni kumpa ushindi. Mama yako aligonga kioo changu. "Mnangoja nini?" Nikamwambia tunapeana heshima. Aliingia ndani, akarudi na kiti.

Mara likaja lori la mchanga. Nakwambia nilifurahi, na nilimwona baba yako akikaa wima, maana lori lingemkatia upepo yeyote atakayelidaka. Wote tukatia gia kwa wakati mmoja. Lori likapiga honi, likaingia kwa jirani, likamwaga mchanga, basi. Dereva wake akashuka kututazama. "Hawa wanauza magari?" akamwuliza fundi. "Hapana," fundi akasema, "wanashindana." "Nani anaongoza?" Fundi akaanza kuipangusa filimbi yake.

Ndani ya gari langu joto lilikuwa limefika pabaya. Nikitazama upande wa pili, baba yako alikuwa mkavu, shati limenyooka, nywele zinapepea kidogo. Alikuwa amewasha kiyoyozi. Alidhani vioo vikiwa vimefungwa hakuna atakayejua. Nikajifuta uso, nikamwacha apoe.

Gari lake likakohoa, likatikisika, likanyamaza. Yeye akaendelea kushika usukani na kutazama mbele kama mtu aliyeko njiani.

"Mzee, limezimika," fundi akasema.

"Halijazimika. Linapumzika."

Hapo nikatia gia ya kwanza na kusogea mbele yake urefu wa gari moja, ili isije ikasemwa kwamba sikwenda popote. Kisha na langu likazimika. Kwa hiyo matokeo aliyoyatangaza fundi ni haya: gari jeupe, hatua chache. Gari la kijivu, hapana.

Fundi akauliza ni wapi pa kupata mafuta ya kuyaondoa magari barabarani. Mama yako, bila kuinuka kwenye kiti, akasema, "Kwenye buti la kijivu kuna dumu. Huwa limejaa."

Fundi akafungua. Dumu lilikuwepo, limefunikwa kwa blanketi kama mtoto, na limejaa.

"Hilo ni la dharura," baba yako akasema.

"Dharura ya kila Alhamisi," mama yako akasema. "Huyamimina kwenye tangi usiku, asubuhi ananionyesha geji haijashuka."

Sasa nimejua ulichokiona, na nimejua kwa nini hukukitaja, na sikulaumu.

Baba yako alinipa funguo zake. Hakunitupia, alinipa mkononi kama mtu mzima. Nikamwambia, "Gari lako silitaki, kaka. Nataka namba moja tu. Niambie la kwako linakwenda kilomita ngapi kwa kweli, uchukue funguo zako uende."

Aliutazama mchanga wa jirani.

"Ishirini na tatu," akasema.

Funguo ziko kwenye mkebe wa vifungo.

Shangazi yako.


Tarehe 18 Mei

Shangazi yangu, shikamoo.

Niliisoma barua yako kazini, ndani ya gari, juu ya mapipa. Nilicheka hadi mstari wa kwenye skrini ukanipotea na jaribio likaharibika. Meneja akaja kuuliza kuna nini. Nikamsimulia yote, hadi kwenye dumu. Hakucheka. Aliniuliza dumu lilikuwa la ukubwa gani, kisha akaondoka polepole. Nimekumbuka baadaye kwamba naye ana gari hilohilo.

Mama ameniandikia kwamba baba anakwenda dukani kwake kwa gari lako, kila asubuhi, akiwa amebeba mapajani vitasa vyake vya kuuza. Nakuomba umrudishie funguo, shangazi. Ni baba yangu, na magoti yake yanamsumbua.

Na jambo jingine, kwa kuwa wewe humtaka kila mtu aseme namba yake. Nimezisoma barua zako zote upya na sijaiona ya kwako. La kwako linakwenda ngapi?

Mwanao.


Tarehe 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wote wazima, na magoti ya baba yako ni mazima kuliko anavyomweleza mama yako. Nimeyaona yakipanda ngazi za shule.

Ni kweli kwamba nilikuwa nikimbeba kila asubuhi. Duka lake la vitasa liko njiani kwangu, kwa hiyo sikumbagua. Wiki ya kwanza alishika kishikio cha juu ya mlango kama abiria wa ndege inayoanguka, akawa anafunga breki kwa mguu wake mwenyewe mahali pasipo na breki. "Gia, dada." "Shimo, dada." "Dada, huyo ni mtu." Nikamwacha. Wiki ya pili niliyabadilisha mapito yangu kidogo, nikaanza na shule za juu, yeye akiwemo. Gari lilipanda likiwa na marobota ya sare, vitasa, yeye na mimi, likinguruma. Geji alikuwa akiiona ikishuka. Tukafika juu. Huko alishuka bila kuombwa, akabeba marobota mawili. Mwalimu mkuu akaniuliza kama nimeajiri msaidizi. Baba yako alisikia, na akabeba la tatu.

Tangu siku hiyo aliacha kunitajia gia.

Juzi tulisimama kwenye taa nyekundu karibu na benki. Alikuwa akitazama mbele.

"Kumi na tatu," akasema.

"Nini hicho?"

"Umenisikia."

"Sijakusikia, kaka."

Taa ikawaka kijani. Walioko nyuma wakaanza kupiga honi. Sikuondoka.

"Kumi na tatu," akasema tena, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benki. "Na hiyo ni likiwa linateremka. Haya, nenda, watatuua."

Nilitoa funguo zake kwenye mkoba, ambamo nilikuwa nikizibeba tangu wiki iliyotangulia, nikaziweka juu ya vitasa. Alizitazama, akazitia mfukoni, akajipangusa paji la uso. Akawa ametua mzigo kweli, hata mabega yalishuka. Tulipokaribia dukani ndipo akageuka. "Na lako?" Nikamwambia asinisemeshe ninapoendesha.

Jumapili mezani mtu mmoja alianza tena habari ya gari langu na mkokoteni. Baba yako akaweka kijiko chini. "Dada yangu anaendesha vizuri kuliko wote mliokaa hapa," akasema. "Gari lake haliuzwi. Na la kwake linatumia mafuta machache kuliko langu. Nimelipanda, nimejionea kwa macho yangu." Wote wakanitazama. Nikaomba nipitishiwe chumvi.

Umeniuliza, nami sikukulea kwa kukuficha mambo. Langu ni kumi na moja. Ukifika kwenye mstari huu, ichane barua hii kabla hujainuka kwenye kiti, na baba yako akikuuliza, wewe uko chumbani, hujui lolote la barabarani.

Ni mimi shangazi yako.